UZI: Muziki wa gemu unaokukaa kichwani. Taja, toa alama juu ya 10, sema kwa nini

KinandaMtaani:

Wadau, karibuni. Huu ni uzi wa muziki wa gemu. Taja gemu na wimbo, toa alama juu ya 10, halafu tupe sababu. Ukiandika "huu ni moto" ukaenda zako hujatusaidia. Sisi tunaotafuta kitu cha kusikiliza kwenye matatu jioni tunataka kujua tuanzie wapi.

Kipimo changu ni hiki. Mtunzi wa muziki wa filamu anajua dakika ya 40 kutatokea nini. Wa gemu hajui. Mchezaji mmoja atazubaa mlangoni akitafuta ufunguo, mwingine atapita mbio bila hata kugeuka, na muziki uleule lazima uwatoshe wote wawili, urudiwe mara mia na usichoshe. Kwa hiyo mimi naupima mikono ikiwa kwenye padi, kile kifaa cha vitufe cha kuchezea. Muziki unaomjibu mchezaji naupa alama za juu. Ule mtamu usiojali mchezaji anafanya nini, naupunguzia.

Super Mario Bros., wimbo wa hatua ya kwanza: 10. Koji Kondo, 1985. Wengi wetu Nairobi hatukuusikia kwenye mashine ya Nintendo yenyewe. Tuliusikia kwenye zile za kuiga zilizotoka China, zenye kaseti ya manjano iliyojigamba ina michezo 9999. Kondo alikuwa ametunga kitu cha taratibu mwanzoni, akakiacha alipoona Mario anavyokwenda, akatunga upya kufuata mwendo wa kukimbia na kuruka. Ndiyo maana kidole na mdundo vinaelewana. Ukiingia majini unakuta wimbo wa kuhesabu tatu-tatu, na Mario naye anaelea. Saa ikifika 100 unasikia tahadhari, kisha muziki unaanza kukimbia. Kwenye skrini hakuna adui mpya wala shimo jipya, lakini mikono tayari imelowa jasho.

Street Fighter II, wimbo wa Guile: 9. Gemu ni ya 1991, na nyimbo za wapiganaji karibu zote zilitungwa na Yoko Shimomura. Mpiganaji akikaribia kuanguka, wimbo unaongeza kasi. Hata aliyekaa nyuma kwenye benchi bila kuona skrini anajua mambo yameiva.

Red Dead Redemption, 2010: 9 na nusu. Bill Elm na Woody Jackson waliweka sehemu kubwa ya muziki kwenye A maina, mapigo 130 kwa dakika, ili kipande chochote kiweze kulazwa juu ya kingine bila kugongana. Unapanda farasi, kuna besi na upepo tu. Risasi ya kwanza ikilia, ngoma zinaingia pale pale, na huwezi kusikia palipounganishwa. Kisha unavuka kwenda Meksiko kwa mara ya kwanza, na ghafla José González anaimba. Kuimba kumeanza katikati ya safari yako, na hakuna aliyekunyang'anya padi.

Baba Yetu, Civilization IV: 8. Najua nitapigwa mawe hapa Kenya. Ni mzuri mno. Lakini unapigwa kwenye menyu. Ukishaanza kujenga mji wako wa kwanza, umeuacha nyuma.

AltoWaMakadara:

Nane? Ndugu yangu, hapana. Hiyo ni 10.

Wacha kwanza niwape historia wasioijua. Christopher Tin alisoma Stanford pamoja na Soren Johnson, na Johnson ndiye aliyekuja kuwa mbunifu mkuu wa Civilization IV. Alipotaka wimbo wa kufungulia gemu akamwendea Tin. Gemu ikatoka 2005, wimbo ukiimbwa na Talisman, kikundi cha waimbaji wa Stanford. Mwaka 2009 Tin akaurekodi upya na Soweto Gospel Choir kwenye albamu yake Calling All Dawns, na 2011 ukapata Grammy. Hakuna wimbo uliotungiwa gemu uliokuwa umewahi kuipata kabla yake.

Sasa nije kwenye muziki wenyewe. Kwaya yetu iliujifunza kwa ajili ya tamasha, na mwalimu siku ya kwanza hakutupa maneno kabisa. Maneno tulikuwa nayo tangu utotoni, ni Sala ya Bwana. Alitupigisha makofi tu, tena taratibu, kwa sababu pale mwanzoni "yetu, yetu" inafanya kazi ya ngoma. Ni silabi fupi zinazosukuma sauti zote mbele. Ukichelewa kidogo kwenye "yetu" ya pili, mstari mzima unayumba, na besi wakishayumba hakuna wa kuwaokoa. Halafu mwimbaji mmoja anasimama peke yake kuomba chakula cha leo, na baada ya umati ule wote unasikia ni mtu mmoja kweli anaomba. Mtu aliyepanga sauti hivyo anajua kwaya.

Nusu ya wenzangu hawakujua umetoka kwenye gemu. Niliwaonyesha kwenye simu ile dunia inayozunguka polepole kwenye menyu, na mzee wetu mmoja anayeimba sauti ya tena (tenor) akauliza kama kuna gemu nyingine zenye nyimbo za kuimbika. Wewe unaupa 8.

Padi_ya_Pili:

Grand Theft Auto: San Andreas, 2004. Redio yote kwa jumla: 10.

Stesheni 11, na kila moja ina mtangazaji wake na watu wake. Mimi nilikuwa mtu wa K-JAH West, reggae na dub, na watangazaji wake ni sauti za Sly Dunbar na Robbie Shakespeare wenyewe. Kwa mtoto aliyekulia kwenye matatu za Eastlands, kusikia besi ile ndani ya gari la gemu kulikuwa kama kuambiwa na sisi tumo.

Lakini raha kubwa ilikuwa kwenye kompyuta. Kulikuwa na folda ya User Tracks: unatupia nyimbo zako mle, na gemu inazicheza kama stesheni nyingine. Jamaa wa saiba ya mtaani kwetu alijaza muziki wa genge tupu, Nonini na Jua Cali, kwenye kila mashine. Unaendesha Los Santos, mji wa ndani ya gemu, jua likizama, mitende kushoto na kulia, na redioni watu wanazungumza lugha ya mtaani kwenu. Kuna vijana walikuwa wanalipia nusu saa waendeshe gari tu, bila kufanya misheni hata moja.

KinandaMtaani:

@Padi_ya_Pili hiyo redio naipa 9, na kwa kipimo changu kilekile. Muziki ule umefungwa kwenye gari. Ukishuka unabaki huko ndani, ukiteka pikapu ya shamba unakuta nyimbo za kantri za mwenye shamba. Yaani unamjua mwenye gari kabla hujafika mwisho wa barabara. Alama moja nimeitoa kwa sababu nyimbo zenyewe hazikutungiwa gemu.

@AltoWaMakadara nimekusikia, na hiyo ya makofi nitaijaribu. Alama inabaki 8 kwa sasa.

MshindiAnabaki:

Mnazunguka tu na gemu za kukaa peke yako nyumbani. Muziki uliosikika zaidi Nairobi ni wa menyu ya FIFA, mwisho wa maneno. Pale kwenye base ya gemu mshindi anabaki na aliyeshindwa anatoa pesa, na kati ya mechi na mechi watu wanachagua timu, wanabishana, wanapanga kikosi, na nyimbo zinaendelea. Wasanii kutoka nchi ambazo sijawahi kukutana na mtu wake niliwajua pale. Siku hizi inaitwa EA Sports FC, tangu 2023, lakini mazoea ni yaleyale.

FIFA: Road to World Cup 98 ilifunguka na Blur, na kaka yangu mkubwa hadi leo gitaa lile likianza anaamka kitini.

9. Sijali kama zilitungiwa gemu au la. Zilichaguliwa vizuri na zilitufikia.

FundiSpika_Luthuli:

Mimi natengeneza redio na spika, kwa hiyo nitasema ya chini ya kifuniko.

Mnapomsifu Kondo mkumbuke alikuwa na nini mkononi. Chipu ya sauti ya Famicom, ile mashine ya Nintendo iliyocheza Mario, ina chaneli tano: mbili za mawimbi ya mraba, ambazo hubeba mahadhi, moja ya pembetatu, ambayo hubeba besi, moja ya mvumo, ile "shhh" inayokatwakatwa mpaka inakuwa ngoma, na ya mwisho ya vipande vidogo vya sauti iliyorekodiwa. Basi. Tena milio ya gemu inagombania chaneli hizohizo. Mario akiruka, mlio wa kuruka unanyang'anya chaneli moja ya mraba na noti iliyokuwa pale inanyamaza. Sikilizeni vizuri mtaona wimbo una mapengo, na mapengo hayo unayaweka wewe mwenyewe kwa kidole chako. @KinandaMtaani kama unatafuta muziki unaomjibu mchezaji, hapo umefika hadi kwenye shaba.

Zangu mimi ni mbili.

Streets of Rage 2, Sega Mega Drive, 1992, Yuzo Koshiro: 10. Mega Drive ilikuwa na chipu ya Yamaha, YM2612, yenye chaneli sita za FM, yaani sauti inatengenezwa kwa wimbi moja kutikisa wimbi lingine. Ukiiprogramu ovyo inalia kama bati. Koshiro aliandika muziki kwa lugha yake mwenyewe ya programu, akiwa amenogewa na muziki wa klabu wa miaka ile, na akaitoa besi ambayo TV ya inchi 14 haikustahili kuibeba. Kila nikimaliza kutengeneza spika kubwa, nyimbo za gemu hii ndizo naijaribia. Zikitoka safi namwita mwenyewe aje achukue.

Ya pili ni Aquatic Ambience ya David Wise, Donkey Kong Country, kwenye SNES, mashine ya Nintendo iliyofuata, 1994: 10. Mashine hii ilicheza vipande vya sauti halisi kwa chaneli nane, lakini kumbukumbu ya sauti yote ilikuwa kilobaiti 64. Picha moja tu unayotumiwa WhatsApp huwa nzito kuliko hiyo. Ndani ya nafasi hiyo Wise akaweka bahari nzima: kinanda kinachoyeyuka, mwangwi, sauti zinazobadilika rangi zikiwa bado zinalia. Mtu asiyejua gemu ukimchezea atakuuliza ni bendi gani.

Padi_ya_Pili:

Noti inanyamaza ukiruka!! Nimeenda kusikiliza sasa hivi. Ni kweli kabisa, na sasa siwezi kuacha kuisikia.

DiskiTatu:

KAMA HUJACHEZA FINAL FANTASY VII NA UNATAKA KUICHEZA, RUKA POSTI HII.

Nataka kukigusa hicho kipimo cha mwenye uzi, cha muziki kumjibu mchezaji.

Final Fantasy VII, 1997, PlayStation ya kwanza. Nobuo Uematsu, mtu aliyejifunza kinanda mwenyewe bila shule ya muziki. Wengi watataja One-Winged Angel, ule wa pambano la mwisho wenye kwaya ya Kilatini. Aliutunga kwa vipande vifupi vifupi kisha akavipanga, na unasikia hasa: kila kipande kinakurukia kutoka upande mwingine. Naupa 9.

Ila mimi nimekuja kwa wimbo wa Aerith, msichana unayesafiri naye. Mnajua anauawa. Sephiroth, adui mkuu, anashuka na upanga, na wimbo wa Aerith unaanza. Hapo hapo unaingizwa vitani. Gemu nzima mpaka wakati huo imekuzoesha: vita ikianza, muziki wa vita unaanza, damu inachemka, unabonyeza. Safari hii hauanzi. Kinanda cha Aerith kinaendelea polepole juu ya pambano lote. Unapiga, unapigwa, unatumia dawa, namba zinaruka juu ya vichwa, na muziki haukuangalii hata kidogo. Umebaki na yule msichana. Nilicheza pambano lile taratibu kuliko lingine lolote, sikutaka liishe, kwa sababu likiisha wimbo nao unaisha.

Kwa hiyo uniambie. Muziki ambao umekataa kumjibu mchezaji unaupa ngapi? Mimi ni 10, na ni 10 kwa sababu ulikataa.

KinandaMtaani:

@DiskiTatu hii ndiyo posti niliyokuwa naiombea uzi huu.

Nami naupa 10, na kipimo sijakiweka chini. Angalia ulivyoeleza mwenyewe: vidole vinabonyeza, macho yanaona namba, sikio linaomboleza. Uematsu alijua kabisa mikono yako iko wapi. Angekuwa ametunga wimbo wa msiba wa kupigwa kwenye video tu, ungelia, ufute machozi, uendelee. Alikulazimisha upigane ukiwa msibani. Filamu haiwezi kukufanyia hivyo, kwa kuwa kwenye filamu huna kazi ya kufanya. Muziki unaojua mchezaji anafanya nini una njia mbili: kumfuata au kumwacha. Zote mbili nazihesabu.

RumbaNaRizi:

Fupi tu. Ridge Racer kwenye PlayStation ya kwanza: gemu ikishapakia inakaa yote kwenye kumbukumbu, kwa hiyo unaweza kutoa diski yake na kuweka CD yako ya muziki, na mbio zinaendelea na nyimbo zako. Baba yangu alikuwa na CD za Franco. Kona zile kwa gitaa la rumba, sebene ikifika mzunguko wa mwisho! Muziki wake wenyewe wa gemu 8, Franco akiwa ndani 10.

MamaWaWawili:

Nawasalimu wote. Mimi sichezi sana, lakini nyumbani nina watoto wawili wa Minecraft, na ule muziki naupa 10 kama mtu anayeusikia kutoka jikoni.

Mtunzi wake anajiita C418, jina lake Daniel Rosenfeld, Mjerumani. Nilichogundua ni kwamba muda mwingi haupo. Mtoto anachimba, anajenga, unasikia mawe tu na kuku, dakika nyingi zinapita. Halafu kinanda kinaingia kidogo kidogo, noti chache zenye nafasi, unasimama na mwiko mkononi. Kisha kinaondoka tena. Gemu nyingine za watoto zina muziki wa kupiga kelele bila kupumua, na jioni kichwa kinauma. Huu unaniacha niwaze.

Mwaka 2025 albamu yake, Minecraft: Volume Alpha, iliingizwa kwenye rejesta ya rekodi zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Wimbo wa Mario mnaousifu hapo juu uliingia 2023, ukiwa wa kwanza kutoka kwenye gemu. Niliwasomea wanangu habari hiyo, wakashangaa kwamba kitu wanachokisikia kila siku kinatunzwa kama kitu cha taifa.

@KinandaMtaani sasa huu unamjibu mchezaji au haumjibu? Maana unakuja unapotaka wenyewe.

KinandaMtaani:

@MamaWaWawili shikamoo mama, na asante. Haumjibu, unamwachia nafasi. Kwenye gemu ambayo hakuna anayekuharakisha, muziki wa kukusukuma ungekuwa uongo. 10 kwako, 9 kwangu, kwa kuwa mara nyingine unaniingilia zombi akiwa mlangoni.

Mswahili_wa_SouthB:

Mbona hakuna aliyetaja Tales of Kenzera: ZAU? 2024, imetengenezwa na Surgent Studios ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeibuni kutokana na kufiwa na baba yake. Muziki ni wa Nainita Desai. 8 na nusu kutoka kwangu. Ngoma na sauti za watu ziko mbele, hazikuwekwa kama pambo la kuonyesha "hapa ni Afrika". Na jamani, chagueni sauti za Kiswahili kwenye mipangilio. Kumsikia Zau akizungumza na mauti kwa Kiswahili huku muziki ule uko chini yake kulinifanya nimpigie mama simu usiku huohuo.

AltoWaMakadara:

Nimesoma yote, na sasa narudi kudai alama zangu mbili.

@KinandaMtaani umekubali Aerith apate 10 akiwa hakujibu. Umekubali Minecraft ikuachie nafasi. Sasa kaa kwenye menyu ya Civilization IV. Unafanya nini pale? Unachagua taifa, ukubwa wa dunia, na wapinzani. Gemu inaanza miaka 4000 kabla ya Kristo na huenda ukaimaliza alfajiri. Kabla hujaweka hata nyumba moja, watu wanasimama pamoja kuomba chakula, msamaha na ulinzi. Wachezaji wengi wanasema waliacha menyu ikizunguka bila kubonyeza chochote mpaka wimbo uishe. Kama muziki umefanya vidole visimame vyenyewe, huo umemgusa mchezaji au hujaona?

KinandaMtaani:

Hoja nzito, dada. 9. Hiyo moja iliyobaki siitoi mpaka nisikie kipande chake kikirudi katikati ya mchezo, siku mji wangu unazingirwa. Ningelipa kwa mara ya pili kusikia hivyo.

Padi_ya_Pili:

@FundiSpika_Luthuli kuna njia ya kuzisikia hizo chaneli za Mario moja moja? Nataka kusikia besi peke yake.

FundiSpika_Luthuli:

@Padi_ya_Pili ipo, na haihitaji mashine. Tafuta programu ya kuchezea faili za NSF. Hizo ndizo zinazobeba muziki wa Famicom jinsi ulivyoandikwa kwa chipu. Nyingi zina kitufe cha kuzima kila chaneli. Fanya hivi, na uvae hedifoni. Zima zote uache pembetatu. Utashangaa besi ile inavyorukaruka, haitulii kama besi ya kanisani. Kisha ongeza mvumo peke yake juu yake, usikie ngoma ilivyopangwa kusukuma mguu mbele kidogo ya hesabu. Mwisho fungua mraba wa kwanza na wa pili kwa zamu: mmoja unaimba, mwingine unamfuata kwa chini, na kuna mahali wanakaribiana sana hadi unadhani ni ala moja. Kisha hamia kwenye wimbo wa majini ufanye vivyo hivyo. Huo kwangu ni 10, na hakuna aliyeutaja kwa alama zake peke yake mpaka sasa.